Kufaidi: Mwongozo kwa Mwenye Haraka

Kikombe cha kahawa chungu kinachouzwa kijiweni hakina mkono. Ni kidogo, kinafichika kiganjani, na kahawa inayomiminwa humo imetoka juu ya makaa sasa hivi. Ukikishika katikati, unaungua. Ukiinywa kwa mkupuo, ulimi utakukumbusha hadi kesho. Kwa hiyo unafanya wanavyofanya wote: unakishika ukingoni kwa kidole gumba na cha shahada, unakisogeza mdomoni, unavuta tone moja pamoja na hewa, kwa sauti, bila aibu, kisha unakishusha. Unang'ata pembe ya kashata. Unangoja. Hakuna aliyekuagiza utulie. Kikombe ndicho kilichokutuliza.

Nimeanza na kikombe hiki kwa sababu mafunzo mengi ya kupunguza kasi ya maisha yanamtaka mtu awe na moyo wa chuma: aazimie, ajizuie, aamke mapema, apange ratiba. Mimi sina moyo huo, na nadhani nawe huna. Ungekuwa nao, mwongozo kama huu usingekuhusu. Nilichojifunza mimi ni chepesi zaidi. Katika siku ya kila mmoja wetu yapo mambo yenye breki yake yenyewe. Hayaharakishiki, au ukiyaharakisha yanakuadhibu papo hapo. Kazi yako ni kuyatambua, kisha uache kuzikata hizo breki. Tumezikata nyingi. Kahawa ileile imehamia kwenye kikombe cha karatasi chenye mfuniko, inanyweka huku unatembea na simu iko sikioni, na ikiisha hujui iliisha ulipokuwa wapi.

Kiswahili kina kitenzi cha kile tunachokitafuta: kufaidi. Mtoto akimaliza embe, maji yake yamechuruzika hadi viwikoni, tunasema amelifaidi. Aliyelila embe na aliyelifaidi wote wawili wamebaki na kokwa mkononi, lakini wa pili anaweza kukusimulia embe lilikuwaje.

Anza kijiweni

Tafuta kijiwe kimoja kilicho karibu na njia yako ya kila siku. Neno lenyewe limetokana na jiwe: mahali pa kukaa. Zanzibar watu hukaa barazani, kwenye vile viti vya mawe vilivyojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, na pale Jaws Corner katika Mji Mkongwe kahawa, siasa na dhumna vimezoeana kwa miaka mingi. Dar es Salaam ni benchi la mbao chini ya mwarobaini. Kama mtaani kwenu hakuna hata benchi, subiri muuza kahawa anayetembea. Utamsikia kabla hujamwona, akigonganisha vikombe mkononi. Mkono mmoja umebeba dele lenye makaa chini yake, mwingine umebeba ndoo ndogo ya maji yenye vikombe.

Kaa. Hili ni sharti la kwanza na pengine ndilo zito kuliko yote, kwa sababu anayekunywa amesimama ameshaondoka, ni miguu tu haijapata habari. Ukiwa umekaa, kabla hujanywa, nusa. Wengine hutia tangawizi, wengine iliki, wengine hawatii chochote zaidi ya kahawa. Jaribu kukisia, kisha muulize mzee anayeuza. Nimekisia vibaya mara nyingi, na kila mara mzee huyo hufurahi kunisahihisha, tena huongeza habari ambazo sikuuliza: alivyozikaanga buni mwenyewe, zilivyotaka kumuungulia, alivyozitwanga.

Usiache kashata, iwe ya karanga au ya nazi. Kazi yake haiishii kwenye utamu. Ulimi huzoea ladha moja upesi sana. Funda la tatu la kitu kilekile huwa na ladha hafifu kuliko la kwanza. Ukipishanisha uchungu wa kahawa na utamu wa kashata kwa zamu, kila ladha inaukuta ulimi umeshaisahau kidogo, na inaanza upya. Waliobuni desturi hii hawakuhitaji kufundishwa na mtu yeyote jinsi ulimi unavyofanya kazi.

Kule Bukoba Wahaya wana breki nyingine kabisa. Kahawa yao ya kumkaribisha mgeni haimiminwi, inatafunwa: tunda la kahawa huchemshwa pamoja na majani yenye harufu, hukaushwa, na mgeni hupewa punje chache kiganjani. Jaribu kuharakisha hiyo. Meno yatakujibu.

Kikombe cha kwanza kinakata hamu tu, usikitarajie makubwa. Cha pili ndicho cha kufaidi. Cha tatu nitakirudia mwishoni.

Polepole si kuchelewa

Hapa lazima nitoe onyo, maana nawajua ndugu zangu. Kuna atakayesoma haya akapata kisingizio kipya. Mtu anayewakalisha wenzake wanane ukumbini tangu saa tatu asubuhi, akaingia saa tano akitabasamu na kusema "foleni", hajapunguza kasi ya maisha. Amewaibia watu wanane asubuhi yao, na bila shaka yeye mwenyewe alikuwa akikimbia njia nzima. Wanaochelewa ndio wenye haraka kuliko wote. Chunguza.

Neno taratibu lina maana mbili na zote mbili tunazihitaji: ni mwendo wa polepole, na ni mpango unaofuatwa. Waongozaji wa wapanda mlima Kilimanjaro huwaambia wageni "pole pole" tangu hatua ya kwanza getini, hadi maneno hayo yamechapwa kwenye fulana na kusafiri duniani kote kama pambo. Si pambo. Kilele kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mwili unahitaji siku kadhaa kuzoea uhaba wa oksijeni. Kijana mwenye misuli anayepanda mbio siku ya kwanza ndiye anayeweza kuteremshwa siku ya tatu, kichwa kinampasuka, anatapika, huku mama wa makamo aliyeachwa nyuma siku ile anaendelea kupanda hatua kwa hatua. Mwongozaji anayesema pole pole anajua saa ya kuondoka kambini na saa anayotaka kufika. Mwendo wake umepimwa.

Basi kabla hujachagua jambo la kulifaidi, toka nyumbani robo saa mapema. Huwezi kufaidi chochote huku unajua kuna mtu anakusubiri.

Ungo

Sasa chagua kazi moja ya mikono. Yangu ni kuchambua mchele, na nitaieleza kwa urefu kwa sababu naiona inakufa.

Keti chini mkekani au kwenye kigoda, ungo mapajani. Usikae juani wala gizani. Kaa ubavuni mwa dirisha au mlango, mwanga ukupige kutoka upande, kwa maana jiwe dogo lenye rangi ya mchele halionekani kwa rangi, linaonekana kwa kivuli chake. Hili nililigundua baada ya miaka mingi ya kukaa chini ya taa nikishangaa kwa nini mawe yananipita. Weka vikombe viwili vya mchele, si kilo nzima. Kilo nzima inakutazama kama deni.

Kwanza pepeta. Rusha mchele juu kidogo na uudake, rusha na udake, huku ungo umeuinamisha mbele. Pumba na vumbi vitaruka na upepo, vyepesi vitasogea mbele, vizito vitabaki nyuma karibu na tumbo lako. Sikiliza. Mchele ukiwa na pumba nyingi unatoa sauti ya mchakacho. Ukisafika unatoa sauti kama mvua ya rasharasha juu ya bati la mbali. Sauti ikibadilika, acha kupepeta.

Kisha tandaza mchele kwa ubapa wa kiganja na uanze kuuchambua kwa vidole, ukisogeza safi upande mmoja, kidogo kidogo. Utakutana na chuya, zile punje ambazo bado zimevaa ganda. Bana kwa kucha, zimenye au zitupe. Utakutana na chenga. Utakutana na mbegu ngeni nyeusi usiyoijua jina. Na mawe. Kila jiwe unalolitoa ni jino la mtu limepona, na hapo ndipo breki ilipo. Huwezi kuchambua mchele kwa haraka na kwa usafi kwa pamoja.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipolijaribu hilo. Bibi aliniachia ungo, wenzangu walikuwa nje wananiita, nikapitisha mkono mara mbili tatu na kuumimina mchele sufuriani. Mchana tulikuwa na mgeni, mzee mmoja wa heshima aliyetoka mbali. Sauti ya jiwe kwenye jino lake ilisikika mkeka mzima. Yeye alijifanya hakusikia kitu, akaendelea kula kwa upande mwingine wa mdomo. Bibi hakunigombeza mbele yake. Jioni, wakati nampelekea maji ya kuoga, aliniuliza kwa upole, "Mjukuu wangu, ulikuwa unafukuzwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Bado najiuliza swali hilo, hasa nikijikuta nakimbilia lifti.

Siku hizi mchele mwingi unauzwa umeshasafishwa na mashine, na sitakuambia uununue wenye mawe ili upate la kufanya. Tafuta kazi yako. Kipimo changu cha kuichagua kina pande mbili: mikono iwe inaijua tayari, ili kichwa kisihangaike na maelekezo, na iadhibu haraka yako papo hapo. Kukuna nazi kunafaa, maana ukikimbia, meno ya mbuzi yanakuchuna vidole. Kupiga pasi shati la pamba kunafaa. Kusuka nywele kunafaa mno, kwa msukaji na kwa msukwaji, ila yule anayesukwa akiwa ameinamia simu kutwa nzima anapoteza saa nne za masimulizi ambayo hayapatikani pengine popote. Kuosha vyombo kunafaa kwa wenye subira kuliko mimi.

Ukiwa kazini, usiweke redio kwa juma la kwanza. Baadaye irudishe ukitaka. Mimi niliirudisha siku ya tatu.

Chungwa la Muheza

Mwaka 1979 Mmarekani aitwaye Jon Kabat-Zinn alianzisha katika chuo cha udaktari cha University of Massachusetts mafunzo ya kuwasaidia watu wenye maumivu ya muda mrefu na msongo wa mawazo. Zoezi lake moja mashuhuri ni la kula zabibu kavu moja. Moja tu. Unaishika, unaigeuza, unainusa, unaiweka ulimini bila kuitafuna, na dakika kadhaa zinapita kabla hujaimeza. Nilipolijaribu mara ya kwanza nilicheka. Kwangu zabibu kavu ni kitu cha kuokoteza katika pilau ya harusi. Sikuwa na la kuiambia. Nikabadilisha, nikachukua chungwa, na hapo zoezi likanikubali.

Chungwa la Muheza, Tanga, mara nyingi lina ganda la kijani hata likiwa limeiva hadi linadondoka. Mgeni hulitilia shaka. Sababu ni joto letu: ganda la chungwa hugeuka rangi vizuri pale ambapo usiku una baridi, na usiku wa pwani hauna. Utamu hauhusiani na rangi. Hilo likujie akilini unapolishika, kwa sababu macho ndiyo yanayoharakisha kuliko mkono. Yanatazama mara moja na kudai yamemaliza.

Mwache muuzaji alimenye, au limenye mwenyewe kwa kisu, ganda la nje tu, kwa utepe mmoja mrefu usiokatika, ule weupe ubaki. Umemwona anavyofanya: chungwa ndilo linalozunguka, kisu kimetulia. Wakati ganda linakatwa, mafuta yake yanaruka kama ukungu ambao huuoni. Sogeza pua hapo hapo, maana harufu hiyo ni kali kwa muda mfupi tu. Halafu kata kichwa. Usinyonye bado. Tazama vile vifuko vidogo vya maji vilivyopangwa kama vimehesabiwa.

Sasa nyonya, ufunge mdomo, na kabla ya kumeza toa pumzi kupitia puani. Hii ndiyo siri nzima ya chungwa, na ya biriani, na ya chai ya viungo. Ulimi peke yake unajua machache: utamu, uchachu, chumvi, uchungu na ule ukolezi wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda puani kwa njia ya nyuma ya koo. Ukitaka ushahidi, bana pua kwa vidole na unyonye: utapata kitu kitamu chenye ukali, kinaweza kuwa chochote. Achia pua, na chungwa linarudi zima. Anayekula mbio, tonge juu ya tonge, hajiachii pumzi katikati. Analipa bei ya chakula kizima na kula sehemu yake ndogo.

Kuhusu mbegu, usilalamike. Ziteme moja moja. Nazo ni breki, na watoto wanajua zaidi: wao hushindana nani ataifikisha mbali.

Salamu

Hii nitaieleza kwa ufupi kwa sababu unaijua, umeiacha tu. "Mambo?" "Poa." Silaba nne, miguu haijasimama. Sisemi turudi kwenye salamu za kuulizana habari za mbuzi na mashamba hadi jua linazama. Nasema mtu mmoja kwa siku, mmoja tu, msalimie umesimama. Uliza swali la pili linalotokana na jambo ulilolikumbuka: "Na yule mtoto aliyekuwa na homa, anaendeleaje?" Kisha ngoja jibu hadi liishe.

Kwa mwaka mzima nilimpita mlinzi wa jengo tunalofanyia kazi kwa kumpungia mkono. Siku moja mvua ilinizuia pale getini, nikampa shikamoo yake inavyostahili, naye akaniitikia marahaba na kunisogezea stuli. Ndipo nikajua kwamba ule mpapai ulio pembeni ya kibanda ni yeye aliyeupanda, kutokana na mbegu za papai alilokula siku yake ya kwanza kazini, na kwamba umeshazaa mara mbili mbele ya macho yangu. Sikuwa nimewahi kuona kwamba pana mti.

Picha moja, ya karibu

Simu haina breki hata moja, imetengenezwa hivyo. Kidole kinateleza na chini hakuna mwisho. Kwa hiyo usishindane nayo, iondoe: mfukoni au kwenye begi. Kuigeuza kifudifudi mezani hakusaidii, utakuwa unaisikiliza.

Lakini picha je? Mtaalamu wa saikolojia Linda Henkel wa Fairfield University, Marekani, alichapisha mwaka 2014 utafiti alioufanya ndani ya jumba la makumbusho. Aliwatembeza watu, vitu vingine wakavipiga picha, vingine wakavitazama tu. Siku iliyofuata walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha. Ni kama akili ilisema kamera imeshachukua zamu. Ila kulikuwa na jambo la pili ambalo ndilo linalonipendeza: waliotakiwa kuvuta kamera karibu na kupiga sehemu moja tu ya kitu hawakupata hasara hiyo. Kuchagua sehemu kuliwalazimisha kutazama.

Basi kwenye arusi, ufukweni, mtoto anapokata keki, piga picha moja, tena ya kitu kidogo: hina kwenye kidole, mchanga kwenye kisigino, krimu puani. Kisha rudisha simu mahali pake. Wapiga picha waliolipwa wapo.

Magharibi

Saa zetu zinafuata jua. Tukisema saa moja asubuhi tunamaanisha saa ya kwanza tangu kucha, na tukisema saa moja usiku ni ya kwanza tangu kuchwa. Hilo linawezekana kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta: Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo hivi na saa moja kasorobo hivi, mwaka mzima. Nchi za kaskazini ambako jua la kiangazi huzama usiku mwingi na la kipupwe huzama alasiri, hesabu kama yetu isingesimama. Huhitaji kuangalia kalenda. Miadi yako na machweo ni karibu ileile Januari na Julai.

Na ni fupi. Jua letu linatumbukia moja kwa moja, halipiti kwa mshazari kama kule, kwa hiyo mwanga unaobaki baada yake hudumu dakika ishirini na ushei kisha giza linafunga. Dakika ishirini ni kipimo ambacho hata mimi nakimudu. Toka nje. Usitazame jua lenyewe; lipe mgongo na utazame linachokifanya kwa kuta, kwa nguo zilizoanikwa, kwa uso wa jirani. Kunguru wanarudi mitini wakigombana. Adhana inaanza msikiti wa kwanza, wa pili unaidaka kabla haijaisha. Mtu amewasha mkaa, na kutoka dirisha lisilojulikana inakuja harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Kuna dakika moja ambapo taa za barabarani zimewaka na anga bado ina bluu, na mwanga wa pande zote mbili unalingana. Ingoje hiyo.

Kama saa hiyo uko kwenye basi, na wengi wetu tuko, chagua kiti. Ukitoka Posta kwenda Tegeta, machweo yako kushoto. Kwenda Mbagala, kulia. Kwenda Kimara, yako mbele, na dereva ndiye anayeyafaidi kwa kukunja uso. Kama umesimama, umebanwa kwapani mwa mtu, acha. Leo si siku yake.

Siku zisizokubali

Maana siku kama hizo zipo. Mwenye kodi ya nyumba isiyolipwa usimwambie afurahie harufu ya kitunguu. Na wapo ambao wakitulia tu, msiba walioukimbia unawafikia. Mtu wa namna hiyo asilazimishe, aanze na ungo kuliko na machweo, kwa sababu mikono ikiwa na kazi huzuni hukaa pembeni, haikai mapajani. Akiwa na mtu wa kukaa naye, bora zaidi.

Wala usidhani kwamba haya ni mambo ya wenye nafasi. Mama anayetuuzia chakula karibu na kazini huwasha moto kabla ya alfajiri. Hukaa chini mara moja tu, saa tisa alasiri, sufuria zikishaoshwa. Hapo hujimiminia chai ya mkandaa, huvua kandambili, huweka nyayo kwenye saruji yenye ubaridi, na kwa muda wa kikombe kile hata umwite vipi hakuitikii. Wateja wote tumeshafundishwa. Nilimwona akifanya hivyo miaka miwili kabla sijaelewa kwamba ananifundisha kazi.

Wamarekani wawili, Fred Bryant na Joseph Veroff, waliandika kitabu kizima mwaka 2007 kuhusu kufaidi mambo mema, na mojawapo ya michango yao ni kuonyesha kwamba jambo moja jema hufaidiwa kwa nyakati tatu: unapolitarajia, unapokuwa nalo na unapolikumbuka. Kwa hiyo siku iliyokukataa mchana bado ina usiku. Mkiwa mnakula, mwambie mmoja wa nyumbani kitu kimoja ulichokiona leo, kidogo, chenye umbo: mpapai, utepe wa ganda, mzee aliyekisiwa vibaya iliki yake. Usiseme tu "siku ilikuwa nzuri", hiyo ni "poa" kwa maneno mengi. Na umuulize chake. Watoto watakushinda katika hili. Wangu wa miaka sita aliwahi kutumia chakula chote cha usiku kunieleza konokono, na wali wake ulipoa.

Sasa kikombe cha tatu. Hiki kinatoka chini ya dele, ni kizito, na usikinywe hadi mwisho maana kina mashapo. Acha tone. Zungusha kikombe mara moja, limwage mchangani mbali na miguu ya watu, umlipe mzee. Usikikalie kikombe kwa kuwa umejifunza kutulia. Vikombe vyake havizidi saba au nane, vinasuuzwa na kuzunguka, na nyuma yako kuna mtu ameshakunja suruali anatafuta pa kukaa. Sogea kidogo upande wa pili wa benchi. Mpe nafasi.